Nyonga huteremka upande wa pili: ni neva gani iliyoumia?

Mwanafunzi wa uuguzi, Malindi
Asalaam aleikum, walimu wangu. Mjomba wangu, nahodha wa jahazi huko Lamu, alidungwa sindano kwenye tako la kulia miezi miwili iliyopita, na tangu siku hiyo, kila asimamapo kwa mguu wa kulia, nyonga ya kushoto huteremka naye huyumba akitembea. Mbona unateremka upande usiodungwa, na je, ndiyo neva ya siatiki, ule mshipa mkubwa wa fahamu uteremkao kutoka takoni hadi mguuni, iliyoguswa?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Lamu
Wa aleikum salaam, mwanangu. Hali hiyo haielekei kuwa ya siatiki, bali ya neva ya juu ya tako, ambayo hutokana na L4, L5 na S1 (mizizi ya neva itokayo uti wa mgongo, L ya kiunoni na S ya chini yake), hupita juu ya msuli wa pirifomisi ulio ndani ya tako, kisha huhudumia misuli ya tako iitwayo gluteasi ya kati na gluteasi ndogo, na msuli unaokaza utando wa paja. Mguu wa kushoto unaponyanyuliwa, gluteasi za kulia ndizo zinazolishika fupanyonga, kama kamba iliyokazwa upande wa goshini, utokako upepo, izuiavyo mlingoti usilale. Kamba ikilegea kulia, fupanyonga huanguka kushoto. Mpasuaji Mjerumani Friedrich Trendelenburg aliieleza dalili hiyo mwaka 1895, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Muuguzi mstaafu, Malindi
Naafiki, lakini mchunguze zaidi. Je, anaweza kuinua vidole na wayo wa kulia? Siatiki, ya L4 hadi S3, ikiumia, mara nyingi wayo hulegea na kuburura. Je, anapanda zile ngazi za mawe za nyumba za Lamu bila taabu? Gluteasi kubwa, itusaidiayo kupanda na kuinuka kitini, ina neva yake nyingine, ya chini ya tako, ya L5 hadi S2.
Nawe ukianza kudunga, nakusihi uzoee ubavu wa nyonga: kwa nyonga ya kulia, kiganja cha kushoto juu ya kifundo cha paja (ile nundu ya mfupa ubavuni, juu kwenye paja), kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kikitanuliwa nyuma kufuata ukingo wake, na sindano iingie katikati ya vidole hivyo viwili. Hapo siatiki iko mbali.

Mwanafunzi wa uuguzi, Malindi
Shukrani, Bi. Nimempigia simu sasa hivi: vidole vyainuka, na ngazi anapanda bila kushika ukuta. Wiki hii nitamfikisha kwa daktari apimwe neva na misuli kwa umeme.