Mjadala: Wadau wapige kura kuchagua vipaumbele vya ubunifu vya kanda, au washauri tu?

Mleta mada

Kanda inapoandika mkakati wa ubunifu, inachagua maeneo machache ya kuwekea fedha za utafiti, vifaa na mafunzo kwa miaka kadhaa. Umoja wa Ulaya ulilifanya jambo hili sharti kuanzia kipindi cha 2014 hadi 2020: bila mkakati wa namna hiyo, fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Kanda kwa ajili ya utafiti na ubunifu zinakwama. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, Kanuni 2021/1060 imeweka vigezo saba, na cha nne kinataka ushirikiano wa wadau uwe unafanya kazi. Vigezo hivyo vinapaswa kutimizwa kipindi chote. Kisipotimizwa kimoja, Tume ya Ulaya inazuia marejesho ya matumizi yanayohusika mpaka kirekebishwe.

Kanuni haisemi nani awe na neno la mwisho. Mimi nasema wadau wapewe kura. Mwaka 2003 wachumi Hausmann na Rodrik walieleza kwamba nchi haijui inachoweza kuzalisha kwa faida mpaka mtu ajaribu, na anayejaribu anabeba hasara peke yake ilhali akifanikiwa wote wanamuiga. Kwa hiyo mwenye maarifa hayo ni aliyejaribu. Ukimwita kikaoni, ukayachota anayoyajua, kisha ukaenda kuamua bila yeye, mwaliko wa pili hataujibu.

Mchumi wa sera

Ndugu mleta mada, kwenye maarifa tuko pamoja. Kwenye kura hapana. Waliokaa mezani kuchagua kipaumbele ndio haohao watakaoomba ruzuku ya kipaumbele hicho. Huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Kuna tatizo la pili, halionekani haraka lakini linaharibu zaidi. Kura ya watu 60 wenye maslahi tofauti huishia kwenye maridhiano: kila mmoja aongezewe neno lake. Matokeo yake ni vichwa vipana: nishati, afya, chakula, dijitali. Angalia mikakati ya Ulaya ya 2014 hadi 2020, vichwa hivyo vimejirudia kuanzia kanda za milimani hadi za bandari. Kipaumbele kinachoitwa "afya" hakimkatai mwombaji yeyote, hivyo hakimsaidii afisa kugawa chochote. Kipaumbele kinachofaa kinataja shughuli, teknolojia na mteja kwa pamoja. Kwa mfano: vihisi vya kupima unyevu wa mbao za ujenzi kwa ajili ya wakandarasi wa majengo ya ghorofa. Hapo unajua nani yumo na nani hayumo.

Pendekezo langu: wadau walete hoja na kuzichambua, jopo la watu 7, watatu wakiwa wa nje ya kanda, lizipime kwa vigezo vilivyotangazwa kabla ya hoja ya kwanza kupokelewa, chombo chenye dhamana kwa wananchi kitie saini. Anayetarajia kuomba fedha za eneo fulani ndani ya miezi 24 asitoe alama kwenye eneo hilo, na atoke chumbani linapojadiliwa. Kunyamaza huku amekaa hakutoshi.

Karakana ndogo

Wakuu, mnabishania kura ya watu ambao ukumbini hawamo. Kampuni ya watu 12 ikimtoa msimamizi kwa siku nzima, mashine inasimama. Chuo kikuu kinatuma watu wanne kwa sababu kuhudhuria ni sehemu ya kazi yao wanayolipwa. Kampuni kubwa ina ofisi nzima ya mahusiano. Kwa hiyo hata mkikataza kura, sauti iliyoandikwa kwenye muhtasari bado ni ya wenye muda.

Lugha ya mwaliko nayo inafukuza. "Karibu kuchangia mfumo ikolojia wa ubunifu" haimwambii mwenye karakana kitu. Muulizeni hivi: mwaka jana mlikataa kazi gani kwa kukosa mashine, kipimo au mtu? Swali hilo linajibika kwa dakika tano, na jibu lake linaingia moja kwa moja kwenye uchambuzi. Mfuateni alipo, mwisho wa zamu, saa moja tu. Na kama mshauri mwelekezi analipwa kwa kuandika rasimu, mlipeni na mwenye karakana nusu siku yake.

Mwezeshaji wa vikao

Nauunga mkono upande wa karakana, ila hata akija, kikao kibovu kitamnyamazisha. Vikao vingi vinaharibikia kwenye mpangilio, mapema kabla ya kufika kwenye kura.

Watu wasizidi 30, meza tano za watu sita. Kila meza iwe na watu watatu wa kampuni, wawili kati yao wakitoka kwenye kampuni zenye wafanyakazi chini ya 50, mtafiti mmoja, mmoja anayetumia bidhaa au huduma husika, na ofisa wa serikali mmoja ambaye haongozi meza. Mwaliko utoke wiki tatu kabla, ukiwa na kurasa mbili za takwimu. Ukituma kitabu cha kurasa 90 hakisomwi na yeyote isipokuwa aliyekiandika.

Dakika kumi za mwanzo kila mtu aandike kimya kwenye kadi kabla yeyote hajafungua mdomo. Msilifupishe hili. Profesa au mkurugenzi akitangulia kusema, wengine hugeuka kuwa wafafanuzi wa hoja yake, na wazo la aliyekaa pembeni halitajwi tena.

Mwisho wa kikao kila wazo lijazwe kwenye karatasi moja: tatizo ni nini, nani atalipia suluhisho, tayari tuna nini, tumekosa nini, nani ataongoza, jaribio la kwanza ndani ya miezi sita litagharimu kiasi gani. Nafasi inayobaki wazi mara nyingi ni ya nani atalipia. Karatasi yenye nafasi wazi isitupwe, iwekwe kwenye fungu la kusubiri na mtu apewe tarehe ya kuikamilisha.

Kisha kuna hatua inayorukwa karibu kila mahali, ya kutoka kwenye wazo hadi mradi. Kanda ya Makedonia Mashariki na Thrace, Ugiriki, iliyosaidiwa na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, iliendesha vikao vya sekta mahususi kama mvinyo na marumaru, halafu ikaitisha maabara za kuandaa miradi ili mawazo hayo yapate mwenyewe, bajeti na mfuko unaoyafaa. Bila hatua ya pili, mnakusanya kadi.

Jicho la raia

Niwaulize wakuu, mbona wananchi wanatajwa kama "mmoja anayetumia bidhaa"? Tangu watafiti wa ubunifu Carayannis na Campbell waandike mwaka 2009 juu ya pande nne, yaani vyuo, viwanda, serikali na jamii, kila mkakati unautaja upande wa nne. Kwenye ratiba unaingia mwishoni, rasimu ikiwa imeshapangwa kurasa. Wakati huo kinachoweza kubadilishwa ni nukta na mkato. Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya vidato nane ya ushiriki wa wananchi mwaka 1969, akaweka kupashwa habari na kuombwa maoni katikati, kama ushiriki wa jina tu usipokuwa na uhakika kwamba maoni yatabadilisha kitu. Nataka asasi ziwepo wakati wa kuandika tatizo, kabla ya suluhisho. Wagonjwa na wauguzi hawataeleza tatizo la kifaa cha hospitali jinsi mtengenezaji anavyolieleza.

Mchumi wa sera

Hoja ya Jicho la raia naikubali, na siyo kwa adabu tu. Wasiotarajia ruzuku ndio wanaoweza kukaa kwenye jopo bila mgongano wa maslahi. Katika wale saba, wawili watoke huko.

Mleta mada

Nimesoma. Suala la maslahi lina uzito, nalegeza hapa: kura ya wadau isiamue mgao wa fedha. Lakini jopo la saba halijibu mtu, na hapo ndipo imani inapokufa. Badala ya kura, nataka haki ya kujibiwa kwa maandishi. Rejesta ya wazi yenye safu tatu: maoni, uamuzi, sababu. Ndani ya siku 30 za kazi kila aliyechangia aone mstari wake. Mfano wa mstari ulioandikwa vizuri:

"Maoni Na. 41: kanda inunue mtambo wa kupima uimara wa viungio vya mbao. Uamuzi: hapana. Sababu: mtambo wa aina hiyo upo chuo kikuu na unatumika siku mbili kwa wiki. Fedha zitalipia fundi wa kuuendesha siku tatu zilizobaki kwa wateja wa nje."

Aliyekataliwa namna hiyo amepata alichokihitaji. "Maoni yamezingatiwa" ni jibu ambalo rejesta isilikubali kabisa. Nabaki na kura moja tu: theluthi moja ya waliochangia wakiona sababu haitoshi, jopo lilazimike kuisikiliza hoja upya hadharani.

Mwezeshaji wa vikao

Theluthi ni wengi mno. Kwa hoja ya kitaalamu inayohusu kampuni sita hutaifikia kamwe. Weka theluthi ya meza iliyoijadili.

Karakana ndogo

Rejesta naiafiki, lakini mkono mtupu haulambwi. Kikao kinafanyika leo, tangazo la kuomba fedha linatoka baada ya mwaka na nusu, na kufikia hapo aliyetoa wazo ameshachukua oda nyingine. Tengeni fungu dogo la vocha, yaani hati ya kulipia kazi ya utafiti, linalofunguliwa ndani ya siku 60 baada ya kikao, fomu kurasa mbili, bila kudai mchango wa fedha taslimu.

Na kwa wanaohofia upendeleo, mfano upo. Mwaka 2004 Uholanzi ilitoa vocha 100 za hadi euro 7,500 kila moja kwa kampuni ndogo na za kati, ili ziagize kazi ya utafiti kwa taasisi za umma. Waombaji walizidi vocha kwa mbali, waliopewa wakapatikana kwa bahati nasibu. Waliopata walipolinganishwa na waliokosa, ilionekana kwamba katika kila vocha 10, 8 zilileta kazi ambayo isingeagizwa bila vocha. Jopo halikuhitajika kumchagua mtu. Kwa fedha za kiwango hicho, vigezo vya chini viwekwe wazi na wanaovitimiza waingie kwenye bahati nasibu. Jopo la watu saba libaki na miradi mikubwa.