Naomba ushauri: Wachambuzi wameipa filamu ya Sinners 97, mimi nusu ya pili imenichosha. Nisemeje redioni?

Gitaa_la_Moro:

Wakuu, habari za jioni. (Natahadharisha mapema: humu tutafichua mwisho wa filamu.)

Kuna jambo limeninyima raha tangu Jumapili. Hapa Morogoro redio moja ya jamii imenipa dakika 10 kwenye kipindi cha vijana, Jumamosi hii, niichambue filamu. Ni mara yangu ya kwanza kukaa mbele ya maiki kwa kazi hiyo. Nimechagua Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya, na filamu hii inamhusu kijana mpiga gitaa, mtoto wa mchungaji, kwa hiyo niliona ni yangu kabisa.

Kwa ambao hamjaiona: ni mwaka 1932, Clarksdale, Mississippi. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakichezwa na Michael B. Jordan, wamerudi nyumbani kutoka Chicago na fedha zao. Wananunua kiwanda chakavu cha mbao kwa Mzungu mmoja na siku hiyohiyo wanakifungua kama kilabu cha muziki. Binamu yao Sammie ndiye mpigaji. Usiku unapoingia wanakuja wanyonya damu.

Nusu ya kwanza ilinishika vibaya sana. Kuna mzee anaitwa Delta Slim, kachezwa na Delroy Lindo. Wako kwenye gari, anasimulia jinsi rafiki yake mwanamuziki alivyouawa na Wazungu. Maneno yanamwishia. Anaguna, guno linageuka wimbo wa mdomo uliofungwa, halafu anaanza kujipigia mdundo kwa mkono. Hakuna aliyemwambia aimbe. Nimepiga gitaa kwenye misiba mingi na nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, mama analia mpaka kilio kinashika tuni na waombolezaji wanaidaka. Sijawahi kuliona kwenye filamu.

Baada ya hapo ikaja nusu ya pili. Damu, vigingi vya miti, bunduki, watu wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Nikajikuta naangalia saa. Niliporudi nyumbani nikafungua simu kwenye tovuti zinazokusanya maoni ya wachambuzi: Rotten Tomatoes 97, Metacritic 84. Mtangazaji mwenyeji wangu akaniambia, "Usibishane na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wasikilizaji watakuona hujui kitu."

Naombeni ushauri. Nisome sifa za wenzangu, au niseme lililo moyoni? Na hiyo 97 niielezeje kwa mtu wa Mvomero anayesikiliza akiwa shambani?

---

Chumvi_ya_Uvinza:

Mkuu, sema ulichokiona. Wewe ndiye uliyealikwa, si wale. Mchambuzi anayesoma maoni ya wenzake ni sawa na shahidi anayesimulia alichoambiwa na jirani.

---

Mhariri_Mstaafu:

Ndugu yangu, tatizo lako la kwanza ni hesabu. Tulimalize hilo kabla ya kuingia kwenye moyo.

Hiyo 97 ya Rotten Tomatoes si alama ya mtihani. Haimaanishi filamu imepata 97 kati ya 100. Maana yake ni kwamba katika kila wachambuzi 100 walioandika, kama 97 maoni yao yamehesabiwa kuwa ya kuikubali. Yule aliyelia machozi ya furaha na yule aliyesema "inafaa, ingawa mwisho una kasoro" wanahesabiwa sawa, kila mmoja kura moja. Mwambie msikilizaji wako hivi: watu kumi wamekula pilau, wote wakasema si mbaya. Hapo pilau limepata asilimia 100, na huenda hakuna hata mmoja atakayelikumbuka kesho.

Metacritic wanafanya kazi tofauti. Wao wanachukua alama ya kila mchambuzi, wanaipa uzito, halafu wanatafuta wastani. Ndiyo maana kule ikawa 84. Hizo namba mbili hazipingani, zinajibu maswali mawili.

Iko na ya tatu ambayo hukuitaja. CinemaScore wanawauliza watazamaji wa kawaida wa Marekani wanapotoka ukumbini siku ya kwanza. Sinners ilipata A. Kwa filamu ya kutisha hilo ni jambo la nadra mno, maana watu wengi wakitishwa hutoka na kinyongo. Mimi namba hii naiheshimu kuliko zile mbili, kwa sababu imetoka kwa watu walionunua tiketi yao.

Sasa rudi kwako. Unadhani unapingana na wale 97, kumbe baadhi yao wamesema hayahaya unayosema: kwamba sehemu ya kwanza, ya mji na watu wake, ni nzito kuliko mapambano yanayofuata. Waliipenda hivyohivyo. Kwa hiyo usitumie namba kama kiboko cha kujichapia. Tafuta maandishi kamili matatu, mojawapo la mtu ambaye haikumpendeza, uyasome kutoka juu mpaka chini. Hukumu ya mchambuzi haina faida kubwa kwako. Tafuta kitu alichokiona ambacho wewe kilikupita.

---

Gitaa_la_Moro:

Mhariri, shukrani sana. Mfano wa pilau nauchukua. Lakini bado nina hofu moja. Wale wameishi na bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi anaoupiga Sammie, wanaijua historia ya watu weusi wa Mississippi. Mimi wa Morogoro nina haki gani ya kusema hapa pamepwaya?

---

Binti_Tanga:

Kaka, hebu nikujibu hilo, maana mimi nimeitazama mara mbili na nimeudhika kidogo kusikia eti huna haki.

Wale wanyonya damu hawawezi kuingia ndani mpaka wakaribishwe. Umeliona hilo? Wanasimama mlangoni na vyombo vyao vya muziki, wanabisha hodi kwa adabu zote, wanaomba waruhusiwe kupiga wimbo. Sisi tumelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone". Hapa mgeni anakuja mwenyeji afe. Mtu aliyekulia kwetu, ambako hodi na karibu ni heshima ya kwanza mtoto kufundishwa, anaisikia ile hodi kwa sikio jingine kabisa. Grace, yule mama Mchina mwenye duka, anapopiga kelele kwa hasira "ingieni!", mimi ukumbini nilishika kichwa.

Jingine ni mumiani. Bibi yangu hapa Tanga alikuwa akitukataza kutembea magharibi kwa hofu ya mumiani. Enzi za mkoloni watu wa Dar na Nairobi waliwaogopa hata wazima moto, wakiamini wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu ikauzwe. Usiseme ni ujinga wa wazee. Lilikuwa neno la watu waliokuwa wakinyonywa kila siku kwa kodi na kazi za shuruti, wakakitafutia kile kinachowatafuna sura inayoonekana. Sasa mtazame Remmick, yule mkuu wa wanyonya damu. Hamtaki Sammie kwa ajili ya nyama yake. Anautaka muziki wake, ule unaoita waliotangulia na watakaokuja. Amekuja kuchukua kitu ambacho watu wale maskini wamebaki nacho.

Mchambuzi wa New York hawezi kukuletea mumiani. Unaye wewe. Mpeleke redioni.

---

Mama_Abigaili:

Mwanangu, nakupongeza kwa kazi hiyo. Naomba jambo moja tu, na nakuomba kama mzazi. Kipindi ni cha vijana. Waambie wazi kwamba filamu ina damu nyingi, matusi, na mambo ya chumbani. Si ya kutazama na wadogo zao sebuleni. Wachambuzi wanaandikia watu wazima, hilo hawalitaji sana.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kwaya, hutakwepa swali la kanisa. Baba yake Sammie anamtaka aliache gitaa. Kijana anasimama kanisani, ameumia usoni, ameshika shingo ya gitaa lililovunjika, na haliachi. Vijana watakuuliza upo upande gani. Jiandae.

---

Fundi_Picha:

Nauliza maswali mawili ya kifundi. Kwanza, uliitazama wapi? Filamu hii imepigwa kwa mkanda mkubwa, sehemu kwa kamera za IMAX, zile za skrini kubwa mno, na mpigapicha wake, Autumn Durald Arkapaw, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ndefu kwa mkanda wa IMAX. Picha inabadilika umbo katikati ya hadithi: mara ni nyembamba na pana kama ukanda, mara inapanda juu na kujaa. Kama skrini yako ilikuwa ya kawaida, kuna pumzi hukuipata, na hilo halikuwa kosa lako wala la Coogler.

Pili, ulikaa mpaka mwisho kabisa? Majina yanapoanza kupita, filamu haijaisha.

---

Gitaa_la_Moro:

Fundi, sikukaa. Taa ziliwaka, watu wakainuka, nami nikainuka.

Jana nimeirudia. Kumbe kuna mwaka 1992, Chicago, Sammie ni mzee, na anayemcheza ni Buddy Guy, gwiji mwenyewe wa bluzi! Nimemsikiliza mtu huyu tangu nilipojifunza kushika kodi za gitaa. Anawaambia wageni wake kwamba kabla jua halijazama, ile ilikuwa siku bora ya maisha yake. Nilisimamisha picha nikakaa kimya kama dakika tano.

Mapambano bado yamenichosha, nasema kweli. Yanakwenda mbiombio, watu niliowapenda wanaondoka kabla sijawalilia. Hilo nitalisema. Lakini safari hii nilikaa macho kwenye tukio ambalo mara ya kwanza lilinipita kabisa. Sammie yuko majini, amekamatwa, anasali Baba Yetu. Wanyonya damu wanaidaka sala na kuisali naye, neno kwa neno. Remmick anamwambia kwamba watu walioipora ardhi ya baba yake ndio waliowaletea maneno hayo, na bado yanamfariji. Mama Abigaili, hapo ndipo nitakapojibu swali la kanisa, maana na sisi sala hiyo tumeipokea kwa mikono ya watu wa namna hiyo, na kila Jumapili naipigia gitaa kwa moyo wangu wote.

---

Mhariri_Mstaafu:

Hayo uliyoandika hapo juu ndiyo uchambuzi. Anza nayo. Namba ziweke dakika ya nane, sekunde thelathini zinatosha.

---

Binti_Tanga:

Na mumiani?

---

Gitaa_la_Moro:

Mumiani yupo, dada, nimemtengea dakika mbili. Nimeongea na fundi mitambo, amekubali niingie studio na gitaa. Nitafungua na lile guno la Delta Slim kwenye gari, nilipige kwa kamba mbili za chini kabla sijasema neno lolote. Ni Jumamosi, saa 10 jioni.