Naomba ushauri: Kokoro niite "Moyo" au "Nafsi"?

Wakuu, habari za leo. Naandaa makala kuhusu Natsume Soseki (1867–1916), mwandishi wa Japani aliyeacha kufundisha chuo kikuu mwaka 1907 akaenda kuandikia gazeti la Asahi, riwaya zake zikawa zinatoka humo kidogo kidogo. Nimekwama kwenye jina la riwaya yake ya 1914, Kokoro. Kwa Kijapani neno hilo hubeba moyo, fikra na hisia kwa pamoja. Nimejaribu "Moyo", naona kama wimbo wa mapenzi. "Nafsi" nayo inanukia mahubiri. Mngechagua lipi? Na kwa msomaji asiyemjua kabisa, nianze na hiyo au na Botchan ya 1906, ambayo angalau inachekesha?