Polisi wazuiwe kisheria kusoma ubongo wa mtuhumiwa?

Wakili_Kijiweni: Wakuu, Chile waliingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba mwaka 2021. Wengine tunangoja nini? Mtuhumiwa ana haki ya kunyamaza, na mashine hizi za kusoma ubongo zikikomaa haki hiyo imekwisha. Wagonjwa wasioweza kusema wanaofanyiwa majaribio nazo hawana cha kupoteza. Sisi wazima tunacho.

Koki: Unatutisha bure. Ile mashine ya Chuo Kikuu cha Texas ya 2023 ilimtaka mtu alale kwenye MRI, mtambo wa kupiga picha za ubongo, saa kama 16 akisikiliza hadithi, na bado ilitoa kiini cha habari tu, si maneno yenyewe. Ukihesabu kimoyomoyo, inakwama. Mpelelezi gani atakubembeleza saa 16?

Mlezi: "Hawana cha kupoteza." Wakili, hilo limenichoma. Namuuguza baba mwenye ALS, ugonjwa wa neva unaopoozesha misuli hadi mtu ashindwe kusema. Napitisha kidole kwenye ubao wa herufi, yeye anapepesa. Jana kafika M, nikadakia "maji". Kumbe alitaka mguu usogezwe. Akafumba macho, hakutaka tena kuongea. Ana hasira, ana aibu, ana siri zake kama wewe.

Wakili_Kijiweni: Usinilishe maneno. Nimepima hatari na faida, basi. Mtu asiyeweza kusema anafaidika hata akisomwa.

Mlezi: Hata akisomwa asichotaka kusema? Umewahi kumuuliza mmoja wao?

Nesi_Zamu: Mlezi ana haki ya kukasirika. Yule bwana wa majaribio ya UC Davis, chuo kikuu cha California, 2024, naye ana ALS. Amepandikizwa vinasa umeme 256 ubongoni, maneno yanatoka sahihi zaidi ya 97 kwa 100, na kompyuta inayatamka kwa sauti iliyoigwa kutoka rekodi zake za kabla ya kuugua. Maneno ya kwanza yalipotokea kwenye skrini alilia. Mtu wa namna hiyo unasemaje hana cha kupoteza?

Koki: Na yule anajaribu kutamka kwa makusudi. Vinasa vinachukua amri za ubongo kwa midomo na ulimi. Hapo hakuna aliyeibiwa wazo.

Wakili_Kijiweni: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford 2025 je? Walinasa maneno ya kimoyomoyo, bila mtu kujaribu kutamka.

Koki: Kweli, na wakaweka kufuli: mgonjwa awaze kwanza neno la siri ndipo mashine imsikilize. Ililitambua zaidi ya mara 98 kwa 100.

Mlezi: Kufuli sawa. Utafiti ukiisha nani anaihudumia mashine? Baba arudishiwe sauti halafu izimwe kwa sababu bajeti imekwisha? Hilo ni kumnyamazisha mara ya pili.

Nesi_Zamu: Dai liandikwe kwenye fomu ya ridhaa: nani ataitunza, nani atabaki na rekodi za ubongo wake, na akitaka kutolewa vinasa nani atagharimia. Fomu ikiwa kimya, msisaini.

Koki: Mlezi, wewe ni mwanawe. Ikija nafasi ya majaribio msainie, usiipoteze kwa maswali.

Mlezi: Nimsainie mtu mwenye akili timamu, aliyenilea? Sithubutu. Unajua hamu niliyonayo ya kusikia sauti yake? Tutaipitia fomu herufi kwa herufi, hata ichukue wiki. Akikataa, amekataa.

Koki: Na nafasi ikienda kwa mwingine?

Mlezi: Iende.