Kwa nini usiku MW (mawimbi ya kati) inashika vituo vya mbali, FM haibadiliki?

MlinziMbinga
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mlinzi wa ghala la kahawa huku Mbinga, na mwenzangu wa zamu ni redio ya betri mbili. Mchana ukiweka MW ni mkwaruzo mtupu. Jua likishazama, Kireno, Kiarabu, Kiingereza, vituo vinapandana! FM nayo iko vilevile mchana na usiku, na nikihamia nyuma ya ghala, upande unaozibwa na kilima, inakatika. Redio ileile, antena ileile. Kuna nini huko juu giza likiingia?

Kipepeo77
Hewa ya usiku imetulia, mawimbi yanateleza. Mbona hata ngoma usiku inasikika mbali.

FundiRedioTanga
Kipepeo, ngoma ni sauti, na sauti inasukuma hewa. Redio haihitaji hewa hata chembe. Ni ukoo mmoja na mwanga, mawimbi ya sumakuumeme, mwendo uleule wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Yanatofautiana masafa tu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Chukua 300 ugawanye kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi: FM ya megahezi 100 ni mita 3, MW ya kilohezi 1000, yaani megahezi 1, ni mita 300.

Sasa mlinzi, mchawi wako ni jua. Miale yake inang'oa elektroni kwenye hewa ya juu. Tabaka la chini, linaloitwa D, liko kilomita 60 hadi 90. Wimbi la MW likipita humo linazitikisa elektroni, lakini hewa ya pale bado ina uzito kiasi, kwa hiyo zinagongana na molekuli na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Mchana unabakiwa na lile linalotambaa ardhini, ambalo haliendi mbali. Jua likizama, elektroni za D zinajirudia upesi kwenye ayoni zake, yaani zile chembe za hewa zilizong'olewa elektroni, tabaka linakwisha. Juu kabisa, kilomita 250 na kuendelea, kuna tabaka F. Hewa ya huko ni nyembamba mno, elektroni zinakesha. Hilo halimezi wimbi, linalipinda na kulirudisha chini mamia ya kilomita mbele. Mwanafizikia Edward Appleton alilipima jambo hili Uingereza mwaka 1924 kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na likampa tuzo ya Nobeli mwaka 1947.

FM masafa yake ni makubwa mno, kwa kawaida F haiwezi kuipinda. Inatoboa na kwenda zake. Huku chini inakwenda karibu na mstari ulionyooka, kilima kikikaa kati umekwama.

Halafu, antena si ileile! Mkonga unaouvuta ni wa FM. MW inashikwa na kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, kimelala ndani ya redio. Kituo kikikupandia, zungusha redio yenyewe taratibu. Ncha ya kijiti ikielekea kilipo kile kituo, kinafifia.

BintiWaKorogwe
Shikamoo fundi. Babu alikuwa na redio ya SW (mawimbi mafupi), mchana anaiweka mita 19, usiku 49. Ni jambo hilohilo?

FundiRedioTanga
Marahaba. Hilohilo. Mita 19 ni kama megahezi 15, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo D inavyoshindwa kuyala, kwa hiyo yanapita hata jua la saa sita. Usiku F inapungua nguvu, megahezi 15 nyingi zinaipenya na kupotea. Ndipo unashuka hadi megahezi 6, yaani mita 49. Babu yako alikuwa anajua anachofanya. Vijana wa sasa wanabonyeza tu.

MlinziMbinga
Nimezungusha, Kireno kimezama kweli. Ila kuna mvumo haukatiki, nikigeuza hivi au vile upo tu.

FundiRedioTanga
Hapo ghalani mna sola?

MlinziMbinga
Ipo, na taa za LED. Redio huwa naiweka juu ya boksi la betri.

FundiRedioTanga
Basi ndiyo hiyo. Saketi za taa za LED, na hata chaji kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa sola kwenda kwenye betri, zinaweza kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila zinapofanya hivyo zinatupa mawimbi yake kwenye MW. Sogeza redio mita tano kutoka hapo. Usipopona, zima taa moja moja ujue ipi inayopiga kelele.