Stor, stort au store? Vivumishi vya Kidenmaki vinanichanganya

SWALI
Wakuu, naomba msaada wa sarufi ya Kidenmaki. Najua nomino zina ngeli mbili, za en na za et: za en huchukua kivumishi kitupu (en stor bil, gari kubwa) na za et huongezewa -t (et stort hus, nyumba kubwa). Sasa nakuta mit store hus (nyumba yangu kubwa). Hus si bado ni ya et, -t imekwenda wapi? Na mstari unaofuata unasema huset er stort (nyumba hiyo ni kubwa), -t imerudi!

JIBU
Usianze na en au et. Jiulize kwanza kama nomino imeshabainishwa. Ikitanguliwa na neno la kuonyesha kitu kinachojulikana (den, det, de, denne, dette, disse), kimilikishi (min, mit, vores) au jina la mwenye mali, kivumishi kilicho mbele yake hupata -e tu, iwe umoja au wingi: den store bil, det store hus, Annas store hus. Isipobainishwa ndipo unatazama en au et, na wingi unachukua -e: store huse.

Baada ya vitenzi er (ni) na bliver (kuwa) kanuni hiyo ya ubainisho haifanyi kazi. Hapo kivumishi kinafuata ngeli na idadi ya nomino: bilen er stor, huset er stort, husene er store. Wengi huandika "huset er store" kwa sababu wanaona nyumba inajulikana. Ni kosa.

JIBU
Naongezea. Kivumishi kikiingia kabla ya nomino inayojulikana, kiambishi cha mwisho wa nomino kinatoka: huset (nyumba hiyo), lakini det store hus, kamwe si "det store huset". Waliopitia Kinorwe au Kiswidi hukwama hapa, maana huko vyote viwili hukaa pamoja.

Angalia na tahajia. Smuk (zuri) huwa smukke, grøn (kijani) huwa grønne, konsonanti inarudufiwa. Gammel (zee) na sikker (salama) hupoteza e: gamle, sikre. Vingine havipokei -t: et dansk hus, et glad barn. Moderne (ya kisasa) na lilla (zambarau) havibadiliki kabisa, kama safi na ghali kwetu: chumba safi, vyumba safi. Lille (dogo) ndiyo ya kukariri, kwa sababu wingi wake ni neno jingine: et lille hus, det lille hus, ila små huse, de små huse.

SWALI
Asanteni sana. Na mit eget hus (nyumba yangu mwenyewe)? Kwa kanuni ya kimilikishi nilitegemea "mit egne hus".

JIBU
Egen inakwenda kivyake. Hata baada ya kimilikishi inafuata en na et: min egen bil, mit eget hus. Egne ni ya wingi: mine egne børn. Ukiweka kivumishi kingine baada yake, hicho kinarudi kwenye -e kama kawaida: mit eget lille hus, mit eget store værelse.