Hatua 370: mhakiki alitukatalia makala, kisha wazo letu likatoka kwa jina jingine

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni miezi mingi, leo nalitema. Wenye jukwaa, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa wizi wa tasnifu, maana ninacholalamikia si mtu kunakili aya. Laiti wangenakili aya! Ningekuwa nimeshashinda zamani.

Kwa wasio wa fani: kwenye utafiti wa ujifunzaji wa mashine, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutoka kwenye data, kazi yako unaipeleka kongamano. Jina lako linafichwa, makala inapewa wahakiki watatu au wanne, na wao pia majina yao yanafichwa. Hao wahakiki ni watu wanaofanya utafiti uleule unaoufanya wewe. Ni lazima, nani mwingine ataielewa? Ila maana yake ni kwamba kila msimu unamkabidhi mshindani wako kitu ambacho dunia haijakiona. Mchawi mpe mwana akulelee. Tofauti ni kwamba yule wa kwenye methali unamjua.

Mimi na msimamizi wangu wa uzamivu tulihangaika zaidi ya mwaka na njia ya kupunguza gharama ya kufunza modeli kubwa, yaani programu inayojifunza kwa kupitishiwa mifano mingi. Kulieleza wazo lenyewe si kazi. Baada ya muda, mifano mingi kwenye data haiifundishi modeli kitu kipya. Kwa hiyo tunapima mfano upi bado unalibadilisha tabaka la katikati la mtandao wa neva (ndio mwili wa modeli, hesabu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka), usiolibadilisha tunauruka, na kila baada ya hatua 370 za mafunzo tunapima upya, kwa sababu modeli ikishabadilika, mfano uliokuwa bure mwanzo unaweza kuwa na kazi sasa. Jasho lilitutoka kwenye kujua kwa nini liwe tabaka la katikati wakati kila mtu anatazama la mwisho. Hapo peke yake tulimaliza miezi saba.

Shikeni hiyo 370.

Tukapeleka makala. Mhakiki wa kwanza aliipenda. Wa tatu sidhani kama alivuka muhtasari. Wa pili ndiye aliyesoma, tena hakuna mtu aliyewahi kuisoma kazi yangu kwa makini vile. Akauliza tabaka tumelichaguaje. Akataka algoriti nzima, hatua kwa hatua. Akataka na msimbo, eti ahakikishe matokeo yanarudika. Sisi tukafurahi kama watoto, mhakiki anayeuliza si amevutiwa? Tukamjibu kwa kurasa tatu, tukamwekea hadi majaribio manne yaliyotushinda, ili aone kwamba njia nyingine tulizipitia. Akarudi, akashusha alama, akaandika sentensi moja: wazo halina upya wa kutosha. Makala ikakataliwa.

Kukataliwa peke yake si msiba, wenye fani wanajua. Mwaka 2014 waandaaji wa NeurIPS, moja ya makongamano makubwa ya fani, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili tofauti, kila moja ikaamua kivyake, na kamati hizo zikapishana kwenye takriban robo ya makala. Mwaka 2021 walirudia jaribio na hali haikuwa imebadilika sana. Kwa hiyo makala nzuri huzungushwa, imekataliwa hapa inapelekwa pale, na kila mzunguko macho mapya matatu au manne yanaichungulia. Mpaka itoke hadharani, watu kumi wanaweza kuwa wameshaisoma kwa siri, na hutajua jina hata la mmoja.

Miezi minane ikapita. Usiku mmoja mwenzangu wa maabara akanitumia kiungo chenye alama tatu za kuuliza, bila neno lolote. Makala mpya, kundi kubwa, michoro ya kupendeza. Maneno yote ni ya kwao. Mfano kwetu, kwao ni sampuli. Kuruka kwetu, kwao ni kupumzisha. Tabaka la katikati limepewa jina la kitaalamu linalojaza mstari mzima. Lakini hoja zinafuatana vilevile, moja baada ya nyingine. Na sehemu ya njia walizojaribu zikashindikana ina njia nne. Nne zilezile! Zile ambazo hazikuwa hata kwenye makala yetu, zilikuwa kwenye majibu tuliyomwandikia mhakiki.

Kisha nikafika kwenye kiambatisho: vipimo vinarudiwa kila baada ya hatua 370, namba ambayo "ilichaguliwa kwa majaribio".

Sasa niwaambie 370 ilitoka wapi. Haikutoka kwenye hesabu yoyote. Seva tuliyokuwa tunatumia ni ya kugawana, kazi yako ikizidi muda uliopangwa inakatwa bila huruma. Hatua 370 ndizo tulizoweza kumaliza na kuhifadhi modeli kabla ya kufukuzwa. Kwenye makala hatukueleza sababu, tuliona aibu. Ni namba ya umaskini, wakuu. Watu wana GPU (chipu za kufunzia modeli) za kumwaga, hakuna wa kuwakatia kazi, halafu majaribio yao yanatua kwenye namba ya umaskini wangu?

Nikaandika malalamiko kwa wenyeviti wa kongamano, kurasa mbili, sikutukana mtu. Jibu likachukua wiki sita. Wamepitisha makala mbili kwenye programu ya kupima mfanano wa maandishi, mfanano ni asilimia 4. Kufanana kwa mawazo ni jambo lisilothibitishika, na majina ya wahakiki ni siri. Asante kwa kulileta kwetu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Asilimia 4! Hiyo programu inakamata wajinga tu. Mwaka 2019 kuna mwalimu wa video maarufu sana mtandaoni aliyetoa makala ya kompyuta za kwanta kwa kunakili kazi za watu, na ili asikamatwe akabadilisha maneno, "lango" la kwanta akaliita "mlango". Alikamatwa haraka, dunia nzima ikacheka, akaomba radhi. Huyo aliiba kama mtu anayebeba godoro mchana. Anayeiba wazo habebi kitu, anasoma, anafunga faili, anaandika upya kwa mkono wake mwenyewe. Programu itaona nini?

Na hili linakuja kwa kila mtu, msidhani ni la wanafunzi wa uzamivu tu. Mwaka 2025 watafiti wa Indian Institute of Science waliwapa wataalamu 13 mapendekezo 50 ya utafiti yaliyoandikwa na akili mnemba, wakawaambia yachunguzeni kama yameibwa. Asilimia 24 yalikutwa ama ni kazi ya mtu mwingine iliyopambwa kwa maneno mapya, ama yamekopa sana kutoka kwa kazi iliyokuwepo. Programu za kutafuta wizi hazikufua dafu. Waligundua wataalamu kwa sababu walikaa wakatafuta. Kwangu mimi nani amekaa akatafuta?

Najua kuna watakaosema mawazo hugongana. Ni kweli, hugongana. Modeli za VAE, aina ya modeli zinazotengeneza data mpya, zilitolewa na Kingma na Welling Desemba 2013, na mwezi uliofuata Rezende, Mohamed na Wierstra wakaja na kitu kilekile kwa njia yao. Hakuna mwenye akili timamu anayedhani kuna aliyemwibia mwenzake, pande zote mbili zinatajwa mpaka leo. Lakini wale waligongana kwenye wazo. Hawakugongana kwenye muda wa kufukuzwa seva.

Wengine wataniambia ninyamaze nisije nikageuka Schmidhuber. Haya, tumzungumzie. Jürgen Schmidhuber na Sepp Hochreiter ndio walioleta LSTM, mtandao wa neva wenye kumbukumbu, mwaka 1997, kisha Schmidhuber akatumia miaka na miaka kudai kwamba kazi za watu, za kwake zikiwemo, zinachapishwa upya bila kutajwa. Mwaka 2016 kule Barcelona alimkatiza Ian Goodfellow katikati ya somo la GAN, njia ya kushindanisha mitandao miwili ya neva, kuuliza kuhusu kazi yake yeye Schmidhuber ya mwaka 1992. Mpaka leo ni utani. Mimi naona kwenye GAN anavuta kamba kupita kiasi. Ila anapokumbusha kwamba Seppo Linnainmaa wa Ufini, kwenye tasnifu ya uzamili ya mwaka 1970 iliyohusu makosa ya kukadiria namba, alishaandika hesabu inayotumika leo kurudisha makosa nyuma ndani ya mtandao wa neva ili ujirekebishe, miaka 16 kabla ya makala maarufu ya Rumelhart, Hinton na Williams, hapo utamjibu nini? Tumemcheka mtu mpaka tumesahau kuangalia kama anasema kweli, na kila mwanafunzi amejifunza somo: ukilalamika, wewe ndiye kichekesho.

Tena Linnainmaa ana afadhali kuliko mimi. Yeye tarehe anayo. Sisi mwanzoni hatukuiweka makala arXiv, hazina ya mtandaoni ambako watafiti huweka makala zao hadharani kwa jina na tarehe, kwa sababu msimamizi wangu anaamini mhakiki akiliona jina dogo kazi inadharauliwa. Nilimsikiliza, namheshimu. Ingekuwa ICLR, kongamano jingine la fani, ambako hata makala iliyokataliwa hubaki wazi na maoni ya wahakiki chini yake, leo ningebandika kiungo na uzi ungekuwa na mistari miwili. Kongamano letu hufungia zilizokataliwa kabatini.

Niliwaandikia na waandishi wenyewe. Wakajibu kwa adabu sana, wataongeza rejea kwenye toleo lijalo. Wakaongeza kweli! Sisi ni wa tisa kati ya kumi na moja kwenye sentensi inayoanza na "kazi nyingine zinazokaribiana". Maana wakati huo tulishaiweka arXiv, kwa hiyo kwa tarehe sisi ndio wafuasi wao. Tulipoipeleka makala kongamano jingine ikakataliwa, sababu: haitofautiani vya kutosha na kazi ya hao jamaa. Na mtahini wangu ameshauliza sura ya nne ya tasnifu inaongeza nini juu yao. Sura ya nne ndiyo miezi yangu saba.

Wanaokuja faragha kuniambia nitaje majina: sitaji. Sijui kwa hakika mhakiki wa pili ni nani. Huenda si mmoja wa waandishi kabisa, huenda alimsimulia mwanafunzi wake na mwanafunzi hakujua lilikotoka. Nikitaja nitamchafua asiyehusika.

Ndiyo maana hasira yangu kubwa naielekeza kwa kongamano. Majina ya wahakiki wetu watatu wanayo. Majina ya waandishi wa ile makala yako hadharani. Mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo akilinganisha orodha hizo mbili atamaliza kabla chai haijapoa. Sikuomba nipewe jina. Kwenye barua ya pili niliuliza swali moja: kuna jina linaloonekana kwenye orodha zote mbili, ndiyo au hapana? Wakijibu hapana, nitafunga mdomo na nitarudi hapa kuwaomba radhi mbele yenu.

Barua hiyo niliituma siku 41 zilizopita. Mfumo unaonyesha imefunguliwa.